Nusu Kichwa Kwenye Benchi la Mama Mkwe

Kwa waliofungia sabuni gazeti la wiki jana kabla hawajafika ukurasa huu: mimi ndiye yule msusi mwenye saluni inayotazamana na zahanati. Mume wangu ni fundi wa friji. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, ni nesi wa chumba cha kupima saratani ya mlango wa kizazi, na tunakaa naye nyumba moja, meza moja, choo kimoja.

Chumba chake kilikuwa hakina watu. Wakubwa wakamwambia wanawake wasipokuja, kitageuzwa stoo ya magodoro. Akaniomba nimsaidie kuwashawishi wateja wangu. Mimi na kiherehere changu nikaja na mbinu. Mteja akikaa kwenye kiti, namsuka upande mmoja wa kichwa, halafu naficha kitana. Upande wa pili anaupata akivuka barabara kwenda kupimwa na kurudi.

Na mnakumbuka ile siri niliyowanong'oneza ninyi peke yenu, wasomaji wote wa gazeti hili. Mimi mwenyewe nilikuwa natokwa na damu siku zisizo zake, na kila nikitoka kulala na mume wangu naiona. Sikuwa nimemwambia mtu. Mume wangu sikumwambia kwa sababu ukimpa siri asubuhi, mchana unaulizwa habari zake na muuza mkaa.

Tuliachana pale Mama Mitumba, muuza nguo za sokoni, aliposimama na nusu kichwa chake akaapa kwamba barabara ile haivuki, hata aitiwe polisi.

Basi alivuka.

Msidhani alivuka kwa kujali afya. Mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi, na huwezi kwenda kumtoa bibi harusi upande mmoja rasta, upande wa pili nywele zimesimama zenyewe. Lakini kabla hajavuka alinitoa jasho.

"Mume wangu kasafiri," alisema. "Nitamwomba nani ruhusa?"

"Kusuka ulimwomba?"

"Kusuka hakuvuliwi nguo, bibi wee. Halafu nasikia wanavuta kizazi chote kwa koleo."

"Nani kakuambia?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu aliyeambiwa."

Akaenda huku ananilaani mimi na kizazi changu. Nikaona huo ndio wasaa wa kushughulikia kichwa changu mwenyewe. Pacha akaanza kunisuka. Pacha ni mwenzangu wa saluni, si ndugu yangu, tunaitwa hivyo kwa sababu tulianza kazi siku moja na tunagombana kila siku. Mkono wake una kasi. Alipokuwa anamaliza upande wa kushoto, Mama Mitumba akarudi.

Alirudi anacheka! Tulimsikia tangu nje.

"Ni hicho tu?" akasema, akijitupa kwenye kiti. "Miaka yote hii naogopa kitu kifupi kuliko kuoshwa nywele? Nesi kaniambia niko safi, nirudi muda ukifika. Haya, nimalizie kichwa changu."

Nikainuka, nikachukua kitana. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, shoga. Wewe ulipimwa lini?"

"Mimi?"

"Hapana, huyo aliye kwenye kioo. Wewe! Nimemwambia mama mkwe wako, bila shaka ulianza na mkweo. Akasema hajakuona hata mlangoni."

Mteja aliyekuwa chini ya draya akatoa kichwa ili asikie vizuri.

"Nitakwenda," nikasema.

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Na mimi nilikuambia wiki ijayo, ukanificha kitana."

Nikamgeukia Pacha. "Malizia kichwa changu, turudi kazini."

Pacha akaweka kitana chake mfukoni. "Sheria ni sheria."

"Sheria niliitunga mimi!"

"Ndiyo maana unaijua vizuri kuliko sisi."

Jamani, ninyi mlio kwenye ndoa, naomba mnielewe. Kwenda kupimwa si kazi. Kazi ni kupimwa na mama mkwe. Huyu ni mama ambaye mbele yake sijawahi kukaa nikanyoosha miguu. Nikitaka kupiga mwayo natoka nje. Leo nimpandie kitandani, taa iwashwe, ainame aniangalie huko! Halafu jioni tukikaa mezani nimwambie nini? "Mama, nikuongezee chai?"

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nawaambia watu, na ni ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na woga. Niliogopa ataona kitu. Nilijidanganya kwamba usipopimwa huna ugonjwa, na nilikuwa na watoto wawili, wa mwisho bado nafunga kamba za viatu vyake. Nilikuwa naosha nguo zangu peke yangu, mapema, kabla mtu hajaamka.

Nikajitanda kitambaa kichwani, nikatoka. Mama Mitumba akanifuata na nusu kichwa chake, akakivuta kitambaa.

"Sisi tulivuka wazi," akasema. "Na wewe utavuka wazi."

Mtaa mzima ulishajua maana ya nusu kichwa. Vijana wa pikipiki wakaniona tu wakapiga honi. "Shemeji, leo zamu yako!" "Usiogope, mke wangu alienda, mpaka leo anapika!" Muuza mkaa akasimama katikati ya magunia yake, simu mkononi.

"Nimpigie fundi nimwambie?"

"Usithubutu!"

Alikuwa ameshaiweka sikioni.

Nikaingia zahanati kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Benchi limejaa! Tangu chumba kile kifunguliwe halijawahi kujaa vile, na zaidi ya nusu ya vichwa vilikuwa nusu. Mama mkwe hakuwepo, alikuwa ameenda kunywa chai. Mezani alikaa msaidizi wake, kijana mmoja mpole ambaye wote tunamwita Nesi Kaka.

Akili ikanijia. Nikainama nikamnong'oneza, "Kaka, nipime wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Sasa hivi, mama hajarudi."

Kijana akanitazama, macho yakamlowa. "Dada, wanawake wote humu wakiniona mimi wanauliza mama yuko wapi. Yupo aliyenikimbia akaacha na kiatu. Wewe ndiye wa kwanza kunichagua."

"Usilie, kaka. Panga vyombo vyako."

Tukaingia. Kitanda kimoja, taa ya shingo ndefu, meza ndogo ya vyombo, chupa ya ile siki wanayopaka ili penye kasoro pageuke peupe, na pazia la kijani lisilofika chini. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimevua kiatu kimoja, niliposikia ile sauti inayoniamsha kila asubuhi.

"Nani kaingia bila kupanga foleni?"

Nesi Kaka akakohoa. "Ni... ni mgonjwa mmoja, mama."

"Mgonjwa mmoja. Na hicho kiatu nilimnunulia mimi mkwe wangu sikukuu iliyopita."

Pazia likavutwa. Tukatazamana, mimi na kiatu changu mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sababu sikuwa na kingine cha kusema.

"Tumeshaamkiana asubuhi. Unakimbilia kwa kijana, mimi unaniruka?"

"Mama, naona aibu."

"Aibu ya nini? Nimewaona wanawake wa mji huu wote."

"Ndiyo mama, lakini hao hawali na wewe."

Akakitazama kichwa changu. "Na wewe pia umeingia kwenye huu mtindo? Kila anayekuja hapa kasuka upande mmoja. Nilidhani ndiyo mitindo yenu ya siku hizi."

"Mtindo gani, nesi!" Mama Mitumba alikuwa ameshaingiza kichwa mlangoni. "Mkweo anatushika mateka! Hatumaliziwi nywele mpaka tupimwe na wewe!"

Nyie, nilimwona mama mkwe akivimba.

"Yaani ndiyo maana wamekuja?" akaniuliza. "Nilikuomba uwashawishi. Nilikuambia uwaeleze, uwaondoe hofu. Mtu anapimwa kwa hiari yake! Hapimwi kwa kunyimwa rasta!"

"Kumbe ni hiari?" nikasema haraka. "Basi mama, mimi kwa hiari yangu naondoka."

"Simama hapo hapo!"

Nikasimama. Na hapo ndipo mdomo wangu, ambao umeniponza tangu utoto, ukaniponza tena. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kuvuta muda.

"Na wewe mama," nikamuuliza, "ni nani alikupima?"

Akaiweka sawa kofia yake.

Nesi Kaka akaanza kuikagua dari kana kwamba kaajiriwa kuhesabu mbao zake.

"Mama?"

"Mimi ni nesi," akasema.

"Najua mama. Lakini ni nani alikupima?"

"Nani anipime? Hawa wote nimewafundisha mimi. Nikilala pale leo wakaniona, kesho nitamkemea nani?"

Mama Mitumba hakuwa na haja ya kusikia zaidi. Akageukia benchi na sauti yake ya sokoni. "Jamani! Nesi mwenyewe hajapimwa! Wala mkwewe hajapimwa! Sisi tumekuwa kama nguo za kujaribishia?"

Benchi likasimama lote kwa mara moja. Nikasikia mikoba inakusanywa. Mmoja akasema yeye alijua tu, kama kitu kingekuwa kizuri wangeanza wao. Mwingine akasema heri kutembea na nusu kichwa, atafunga kilemba.

Mama mkwe akakiangalia chumba chake. Sakafu anaideki mwenyewe, hamwachii mtu. Akatoka mpaka mlangoni.

"Nikipanda mimi, mtakaa?"

Wakatazamana. "Tutakaa," wakasema.

"Na wewe?" akanigeukia.

"Nikikuona umepanda, mama, nitapanda."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote."

Akafunga mlango. Akavua saa, akavua kofia, akanipa nimshikie. Akaenda nyuma ya pazia na nikabaki upande wa pili, uso nimeugeuzia ukutani kwa heshima. Nesi Kaka alikuwa anavaa glovu, vidole viwili vimeingia tundu moja.

"Mama, samahani sana," akasema.

"Samahani ya nini? Washa taa. Hicho chuma cha kuangalizia kipashe moto kidogo kwa maji, usiniwekee barafu."

"Sawa mama. Vuta pumzi."

"Nimevuta. Na wewe vuta, utaniangukia."

Nilikuwa nimejiziba mdomo nisicheke. Machozi ya kicheko yalikuwa yananitoka. Huko nje nao walikuwa wanacheka, maana mlango ule ni mwembamba na mama mkwe hajui kunong'ona.

"Umeona mlango wa kizazi?"

"Nimeuona, mama."

"Paka siki. Usimwage, si saladi hii. Sasa subiri. Usiangalie saa yako, angalia kazi."

Nikasikia kiti cha Nesi Kaka kinasogea karibu. Kisha akasema, kwa ile sauti anayoitumia kila siku akiona kitu asichokuwa na uhakika nacho:

"Mama, hebu njoo uangal—"

Akakatiza.

Nikaacha kucheka. Sijui mambo ya zahanati, lakini hilo nililielewa.

"Weupe?" akauliza mama mkwe, kutoka kitandani.

"Ndiyo, mama."

"Upande gani?"

"Juu. Na... na umeshuka kidogo huku."

"Kingo zake zinaonekana zote?"

"Mama, mimi..."

"Nimekuuliza swali la kazi, nijibu la kazi."

"Hazionekani zote, mama."

"Haya. Toa chuma taratibu. Nenda kamwite daktari. Na usikimbie kwenye korido, wale wanawake wanatazama uso wako. Pita huku unawasalimia."

Akatoka. Nikamsikia anawasalimia mmoja mmoja, sauti inapanda na kushuka. Mama Mitumba akaita, "Nesi, vipi huko? Tukae au tuondoke?"

"Kaeni!" mama mkwe akajibu. "Foleni inasogea!"

Pazia likafunguka. Alikuwa ameshajifunga gauni lake, anaenda kunawa. Mimi nilikuwa nimekumbatia kofia yake nalia, na safari hii si kwa kicheko.

"Unalia nini? Weupe si jeneza. Ni wangapi nimewaambia hivyo kwenye kitanda hiki? Wengi tunaugandisha huo weupe kwa baridi pale pale, wanarudi nyumbani na maisha yanaendelea. Wengine wanapelekwa hospitali kubwa, wanaangaliwa zaidi, wanatibiwa. Ndiyo kazi ya chumba hiki, kuona mapema."

Alikuwa anasema vizuri, maneno yamenyooka. Lakini mikono yake ilikuwa inavitafuta vidole vya glovu mpya na haivipati.

"Mama, acha," nikasema. "Nitakuja kesho. Wewe pumzika leo."

"Kesho ndiyo niliyokuwa najiambia mimi, miaka yote, nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda. Panda."

"Mama..."

"Panda, mama. Nikikaa chini sasa hivi nitafikiri. Nipe kazi nifanye."

Nikapanda. Ile aibu yote niliyotoka nayo saluni niliitafuta sikuiona. Nilikuwa namwonea yeye huruma, na najionea mimi. Akaisogeza taa. Mkono wake, ulipofika kwenye kazi, ukatulia kabisa.

"Legeza magoti. Hivyo hivyo. Itakuwa baridi kidogo."

Ikawa baridi kidogo. Haikuuma. Mama Mitumba alisema kweli, kuoshwa nywele kunachukua muda zaidi.

Akainama. Akaangalia. Akaisogeza taa tena, ingawa ilikuwa imeshakaa vizuri.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Nini, mama?"

"Usiniambie nini. Unatokwa na damu tangu lini?"

Nilitaka kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari, niliutengeneza zamani, kwamba ni sindano ya uzazi wa mpango. Lakini utamdanganyaje mtu aliyeinama pale na taa yake?

"Tangu kabla ya sikukuu," nikasema.

"Na ulikuwa unanipakulia chakula kila siku, umenyamaza."

"Na wewe ulikuwa unakila, mama, umenyamaza."

Akacheka. Kweli akacheka, kicheko kifupi kilichoishia puani, na alipoinua uso macho yalikuwa mekundu. "Sisi wajinga wawili," akasema.

"Ni mbaya, mama? Niambie."

"Sijui. Na nesi akisema hajui, mwamini. Daktari atatuangalia sote wawili. Mimi macho yangu leo siyaamini."

Akawa anatoa kile chuma taratibu, na mimi natafuta la kumuuliza lisiloogopesha, tuliposikia hatua za mtu anakimbia kwenye korido. Hazikuwa za daktari. Daktari wa pale hajawahi kukimbia. Benchi likaanza kelele, "Fundi, huingii! Huku ni kwa wanawake!" Mlango ukagongwa kwa kiganja kizima.

"Mama!" Alikuwa mume wangu. "Mama, mke wangu yumo humo? Muuza mkaa kanipigia! Nimeacha friji ya watu wazi!"

Mama mkwe akaniwekea kidole mdomoni, glovu tayari ameitupa.

"Mwambie niko mzima," nikanong'ona.

Akatikisa kichwa.

"Mama, nijibu! Umempima mwenyewe? Kaonekana na nini?"

Akanifunika shuka mpaka kifuani, akaikunja vizuri pembeni. Akaenda mpaka mlangoni lakini hakufungua. Akaegemeza paji la uso kwenye ubao, na sauti ilipomtoka haikuwa ile ya kazini.

"Tafuta pa kukaa, baba," akasema. "Tuko wawili."